Bustani ya Mama: Maboga, kila shimo na kazi yake



Mvua ya Septemba imerudi juu ya mabati yetu, na shule zimefunguliwa. Mnajua wenyewe maana ya mambo hayo mawili kuja pamoja. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini madaftari, viatu na minervali ya wale wa sekondari vimekwisha kukamua mfuko. Maharagi yaliyobaki tumeyatia ardhini kuwa mbegu ya msimu A, nayo hayatarudi kwenye sufuria kabla ya Desemba au Januari. Katikati hapo ndipo mtoto anakuja darasani asubuhi tumbo tupu, na sisi walimu tunamwona anasinzia mbele ya ubao saa nne haijafika.

Ndiyo maana juma hili tuzungumze juu ya boga. Wengi wanalidharau kwa sababu linajiotea lenyewe kwenye shimo la takataka. Lakini hakuna mmea mwingine katika parseli ndogo unaotupa majani, maua, tunda changa, tunda gumu la kuweka, na tena mbegu. Shida yetu ni kwamba tunadai vyote hivyo kwa mche mmoja. Mtoto anatumwa kukata majani leo, kesho shangazi anakata tena, na mwisho wa msimu tunauliza kwa nini hakuna tunda. Mwaka huu tufanye namna nyingine: kabla ya kutia mbegu, amua kila shimo litafanya kazi gani.

Boga la kiangazi na boga la baridi

Kwenye paketi za mbegu zinazotoka Ulaya utaona maboga yamegawanywa mafungu mawili: ya kiangazi na ya baridi. Mama mmoja aliniuliza kama hilo la baridi ni la kupanda kule juu Kabare na Walungu. Hapana. Yote mawili yanapandwa wakati wa joto. Majina yanaonyesha wakati wa kula, si wakati wa kupanda.

La kiangazi linaliwa changa, ngozi ikiwa bado laini. Kwetu tunalijua zaidi kwa jina la kurjeti, lile refu la kijani linalouzwa sokoni. Halitambai sana, linakaa kama kichaka, na siku 45 hadi 60 baada ya kupanda unaweza kuanza kuvuna. La baridi linaachwa likomae mpaka ngozi iwe ngumu, kisha wenzetu wa Ulaya wanaliweka ndani na kulila wakati nje hakuoti kitu. Maboga yetu ya kienyeji, yale mazito yenye nyama ya rangi ya machungwa, yako katika fungu hilo. Yanataka siku 90 hadi 120, na kule juu kwenye baridi yanachelewa zaidi kuliko Uvira na bonde la Ruzizi.

Sisi hatuna theluji, lakini tunayo miezi yetu ya kungoja. Basi mimi ninayaita hivi: boga la kula leo, na boga la kungoja.

Kwa parseli ya kawaida ninashauri mashimo sita: mawili ya majani, mawili ya kurjeti, mawili ya boga la kungoja. Ukihesabu kuanzia katikati ya Septemba, majani yanaingia sufuriani mwezi wa Oktoba, kurjeti mwezi wa Novemba, na maboga magumu mwisho wa Desemba au Januari. Haya ya mwisho usiyaguse haraka. Yatakuwa na kazi yake mwezi wa tatu na wa nne, wakati maharagi ya msimu B yatakuwa bado shambani.

Pima mbegu kwanza

Usiamini mbegu kwa macho. Chukua mbegu kumi, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, weka ndani ya mfuko wa plastiki, acha mahali penye joto karibu na jiko, lakini si juu ya moto. Angalia kila siku kitambaa kisikauke. Baada ya siku saba hesabu zilizoota. Zikiwa nane au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa tano, utatia mbegu mara mbili katika kila shimo. Zikiwa mbili au tatu, tafuta mbegu nyingine, usipoteze mvua. Kazi hii mpe mtoto wa darasa la tano. Atajifunza asilimia bila kulia.

Ukinunua paketi, soma vizuri. Ikiwa imeandikwa F1, maana yake ni mbegu ya wazazi wawili waliochaguliwa. Itazaa vizuri mara hii, lakini mbegu utakazotoa ndani ya matunda yake hazitafanana na mama yao. Ukitaka kuweka mbegu yako mwenyewe, tafuta isiyo na alama hiyo, au omba kwa jirani ambaye boga lake umelionja.

Shimo

Chimba shimo la upana wa sentimita 40 na kina kama hicho. Changanya udongo wa juu na mavi ya mbuzi, sungura au kuku yaliyokwisha oza, pamoja na takataka za jikoni zilizooza. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Rudisha udongo mpaka ufanye kituta kidogo cha mviringo, maana boga linapenda maji lakini halipendi kusimama ndani ya maji. Kwa sisi tunaokaa kwenye mteremko, weka ukingo wa udongo upande wa chini, kama mwezi mchanga, ili mvua isishuke na mbolea yote kwenda kwa jirani.

Tia mbegu tatu katika kila kituta, zimelala ubavu, kina cha kiungo kimoja cha kidole. Kama udongo una joto, zinatoka ndani ya siku tano hadi kumi. Zikifikisha majani mawili ya kweli, acha mche mmoja wenye nguvu. Mingine ikate kwa kisu, usiing'oe, kwa sababu mizizi imeshikana.

Kati ya kurjeti na kurjeti acha mita moja. Boga linalotambaa linataka mita mbili, lakini si lazima zote ziwe chini. Lielekeze kwenye ukuta wa miti, kwenye paa la jikoni, au kati ya mahindi. Mahindi, maharagi na boga katika shamba moja si ujinga wa bibi zetu. Watu wa Amerika, ambako mimea hiyo mitatu ilitoka, walikuwa wanaipanda pamoja tangu zamani sana. Mahindi yanakuwa fimbo ya maharagi, maharagi yanasaidia udongo, na majani mapana ya boga yanafunika ardhi ili magugu yasitoke na unyevu usipotee.

Asiye na ardhi kabisa atumie mfuko wa unga wa kilo 50. Toboa matundu chini, jaza udongo na mbolea, panda kurjeti moja. Mfuko unakauka haraka, basi siku isiyo na mvua usiusahau.

Kwenye mashimo ya majani ongeza mbolea. Kwenye mashimo ya matunda usizidishe: mche uliolishwa samadi nyingi mno unajaa majani na kusahau kuzaa.

Maua mengi, tunda hakuna

Kila msimu kuna mama anayekuja kulalamika: boga langu limetoa maua, yameanguka yote, jirani amefunga bustani yangu. Wamama, tuache kugombana bure. Katika boga kuna ua dume na ua jike, yote mawili kwenye mche mmoja. Ua dume linasimama juu ya kijiti chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake tangu siku ya kwanza. Madume yanatangulia, mara nyingi kwa juma moja au zaidi, na kazi yao ikiisha yanaanguka. Hilo ni jambo la kawaida, wala si uchawi.

Lakini kama kiboga kidogo chenyewe kinageuka njano na kuoza kikiwa bado kama kidole, maana yake nyuki hakupita. Ua linafunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana. Mvua ikinyesha asubuhi yote, nyuki hatoki. Tena ukipuliza dawa ya wadudu asubuhi, unamwua mfanyakazi wako mwenyewe.

Basi ufanye kazi ya nyuki. Saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, chuma ua dume lililofunguka siku hiyo, ondoa majani yake ya njano, ubaki na kile kijiti chenye unga katikati. Ukipake polepole katikati ya ua jike, pande zote. Ua dume moja linatosha majike mawili au matatu. Ndiyo sababu ninasema kurjeti mbili, si moja: kwenye mche mmoja, siku jike linafunguka huenda dume halipo.

Majani

Kwenye mashimo mawili ya majani anza kuchuma juma la nne au la tano. Chukua ncha pamoja na majani mawili au matatu laini yaliyo karibu nayo. Mche utatoa matawi pembeni, na juma linalofuata utachuma hayo. Usizidishe theluthi moja ya majani kwa mara moja. Wakumbushe watoto na wageni wa nyumbani mashimo ni yapi: chomeka kijiti chenye kitambaa chekundu kwenye mashimo ya matunda, ili kila mmoja ajue kwamba hapo kisu hakiingii.

Kwenye boga la kungoja, ngoja matunda mawili au matatu yashike vizuri. Hapo unaweza kukata ncha na kuipika. Nguvu ya mche itarudi kwenye matunda.

Wadudu na unga mweupe

Asubuhi mapema geuza majani. Vijidudu vyenye mgongo wa mviringo vinavyotoboa majani huwa vizito kwa baridi. Viokote, uvitie ndani ya maji ya sabuni. Majivu makavu juu ya miche michanga yanasaidia, lakini mvua ikiyaosha rudia.

Adui mkubwa ni inzi wa matunda. Anatoboa kiboga kichanga na kutaga ndani. Baadaye unakuta funza na uozo. Funga viboga vichanga kwa karatasi ya gazeti au daftari la zamani, mara tu ua likinyauka. Matunda yaliyooza usiyaache chini wala usiyatupe kwenye takataka wazi, maana funza wataingia ardhini na kutoka wakiwa inzi wapya. Yazike nusu mita, au yafunge ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani siku kadhaa.

Majani yakipata unga mweupe kama sukari, kata yale yaliyoshikwa sana, yatoe bustanini, acha hewa ipite. Ukimwagilia, mwaga kwenye shina, si juu ya majani.

Kuvuna na kuweka

Kurjeti ivunwe ikiwa na sentimita 15 hadi 20. Pita kila siku mbili au tatu. Wengi wanaiacha ikue kama mguu wa mtoto, wakidhani wanapata zaidi. Wanapoteza: mche ukiona tunda lake limekomaa, unajua kazi imekwisha na unapunguza kuzaa. Ukichuma mapema, unaendelea kukupa.

Boga la kungoja ni kinyume chake, linataka subira. Likandamize kwa ukucha. Ukucha ukiingia, bado. Ukucha ukikataa, na kikonyo kimekauka na kuwa kama mti, kata. Acha kikonyo cha urefu wa vidole vinne au vitano juu ya boga, na usilibebe kwa kikonyo hicho. Kikivunjika, uozo unapata mlango. Libebe kama unavyobeba mtoto, kwa chini.

Kisha liache mahali pakavu penye joto na hewa siku kumi hadi kumi na nne, ili ngozi iimarike. Baada ya hapo liweke juu ya uchaga au ubao, si juu ya sakafu yenye unyevu, na maboga yasigusane. Kila juma yageuze uyaangalie. Lenye doa laini ndilo la kupikwa siku hiyo. Boga lililokomaa na kukaushwa vizuri linakaa miezi mitatu na zaidi. Piga hesabu: ukiwa na sita, ukala moja kila majuma mawili kuanzia Februari, umefika mwisho wa Aprili.

Boga la mbegu

Hapa ndipo nyumba nyingi zinaanguka. Boga kubwa na zuri tunalipeleka sokoni au tunampa mgeni, na mbegu tunaitoa katika lile dogo lililobaki. Kwa njia hiyo tunachagua ubaya miaka yote. Ufanye kinyume: boga la mbegu lichaguliwe likiwa bado shambani, kwenye mche wenye afya, uliozaa vizuri. Lifunge kamba ya rangi, na kila mtu nyumbani ajue kwamba hilo si la mtu.

Maboga ya jamii moja yanachanganyika kwa njia ya nyuki. Tunda la mwaka huu halibadiliki. Mchanganyiko umefichwa ndani ya mbegu, utauona mwaka ujao. Boga halichanganyiki na tango, lakini linachanganyika na ndugu zake. Ukitaka kuwa na hakika, jioni tafuta ua jike na ua dume ambayo yatafunguka kesho yake, yafunge ncha kwa uzi. Asubuhi yafungue, paka kama nilivyoeleza, kisha funga tena ua jike na uliwekee alama.

Boga hilo likivunwa, liache juma tatu nzima kabla ya kulipasua, mbegu zishibe. Zitoe, zioshe, zianike kivulini juu ya sahani au kitambaa, si juu ya karatasi ambayo zitanata. Zikivunjika kwa sauti badala ya kupinda, zimekauka. Zitie kwenye chupa kavu pamoja na majivu makavu, andika jina na mwaka. Zinaweza kuota hata baada ya miaka minne.

Na tahadhari moja. Kipande cha kurjeti au cha boga kikiwa kichungu ulimini, tema na utupe tunda lote. Uchungu huo ni sumu, na kupika hakuuondoi. Mbegu zake pia usiziweke.

Kwenye sufuria

Nyama ya boga yenye rangi ya machungwa na majani yake vinaupa mwili kitu cha kutengeneza vitamini A, inayolinda macho na kusaidia mwili kushindana na magonjwa. Kidogo cha mafuta ya mawese au karanga za kusaga kinasaidia mwili kuipokea. Majani yatoe nyuzi kwanza, uyakate, uyapike na karanga, bugali pembeni. Mtoto aliyefikisha miezi sita mpondee boga lililoiva vizuri, bila chumvi. Mbegu za maboga mengine zikaange: zina protini na mafuta. Kwa watoto wadogo zisage, wasije wakasakamwa.

Kazi ya juma hili

Kwanza, pima mbegu kumi. Pili, chimba mashimo yako na uamue kazi ya kila moja. Tatu, siku ya mkutano wa kikundi au wa AVEC, mwenye mbegu nzuri alete mbegu thelathini zilizopimwa, ndani ya karatasi yenye jina. Wakiwa wamama ishirini tu, tutakuwa na mbegu mia sita mezani, na hakuna atakayerudi nyumbani mikono mitupu. Anayepokea mwaka huu atarudisha mwaka ujao, kutoka katika boga alilolifunga kamba.

Juma lijalo tutazungumza juu ya lengalenga, na namna ya kuzipanda kwa zamu ili zisikomae zote siku moja.

Kazi njema, na mvua iwe ya baraka.

Mwalimu wenu